Kaskazini ya Dira Haikai Mahali Pamoja

Watu wengi hudhani ya kuwa yako mambo mawili katika dunia hii yasiyobadilika kamwe: jua kuchomoza upande wa mashariki, na sindano ya dira kuonyesha kaskazini. Habari ya jua ni kweli. Lakini habari ya dira ina jambo ndani yake ambalo yafaa kila mwenye shamba, na kila karani atunzaye karatasi za ardhi, alijue. Sindano ya dira haielekei kaskazini yenyewe, bali huelekea mahali palipo kando yake. Na mahali hapo huhama polepole, mwaka hata mwaka, bila ya mtu kuona wala kusikia.

Jambo hili si la wanachuoni peke yao. Limewahi kuwapoteza mabaharia, limewatia majirani katika mashauri ya mipaka, na hata leo huwalazimisha wenye viwanja vya ndege kubadili namba zilizoandikwa juu ya ardhi. Basi na tulitazame tangu mwanzo.

KASKAZINI MBILI

Kaskazini ya kweli ni njia iendayo moja kwa moja hata ncha ya dunia, yaani mwisho wa ule mhimili ambao dunia huuzunguka kama gurudumu lizungukavyo ekseli yake. Kaskazini hiyo haitegemei chuma wala sumaku, na mabaharia wa kale waliijua kwa nyota. Manahodha wa Kiarabu, waliokuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi, waliigawanya duara ya upeo wa macho katika sehemu 32, nazo wakazipa majina ya nyota zichomozazo na kutua pale.

Kaskazini ya pili ni ile ya dira. Sindano ya sumaku huvutwa na nguvu za sumaku zilizo katika dunia nzima, nazo nguvu hizo hazikulingana sawasawa na mhimili wa dunia. Kwa hiyo, mahali pengi, kati ya kaskazini mbili hizo kuna pembe. Pembe hiyo hapa tutaiita tofauti ya dira.

Katika Kenya ya siku hizi tofauti hiyo ni ndogo, chini ya digrii 2, na mwenye dira ya mfukoni huenda asiione kabisa. Lakini si kila nchi yenye bahati hiyo, wala si kila zama. Na hata digrii 1 si kitu cha kudharauliwa. Mtu akienda kilomita 1 huku amekosea digrii 1 tu, mwisho wa safari yake atakuwa amepotoka mita 17 na nusu. Nafasi hiyo yatosha kupanda safu sita za kahawa.

WATU WATATU NA MADAFTARI YAO

Mwaka 1600 tabibu mmoja wa Uingereza, William Gilbert, alitoa kitabu akieleza ya kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Neno hilo lilikuwa kweli, na sifa yake ilienea mbali. Lakini Gilbert alisema tena ya kuwa tofauti ya dira, mahali palipo pamoja, haibadiliki daima. Watu wakamwamini, maana alikuwa mtu wa elimu kubwa.

Kilichoonyesha ukweli hakikuwa mabishano, bali yalikuwa maandishi. Mwaka 1580 nahodha William Borough alikuwa amepima tofauti ya dira pale Limehouse, London, akaikuta digrii 11 na robo upande wa mashariki. Akaandika hesabu, mahali na mwaka. Mwaka 1622 mwalimu wa hesabu, Edmund Gunter, akapima tena upande ule ule wa mji, akapata karibu digrii 6. Mtu angeweza kusema kwamba mmoja wa hao wawili alikosea, na mambo yakaishia hapo. Lakini mwaka 1634 Henry Gellibrand, mwalimu wa elimu ya nyota katika chuo cha Gresham, alipima mara ya tatu, akapata zaidi kidogo ya digrii 4. Alipoziweka hesabu tatu hizo pamoja, aliona ya kuwa hapana aliyekosea. Sindano ndiyo iliyokuwa ikihama. Mwaka uliofuata akaitangaza habari hiyo katika kitabu.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lau Borough angeandika digrii zake na kuacha kuandika mwaka, hesabu yake isingefaa kitu, na Gellibrand asingegundua neno.

Tangu siku hizo vipimo vya London havikukatika. Karibu mwaka 1660 sindano ilielekea kaskazini ya kweli barabara. Kisha ikaanza kwenda upande wa magharibi, hata ilipofika karibu mwaka 1820 ilikuwa imepotoka digrii 24. Hapo ikageuka, ikaanza kurudi. Mwezi wa Septemba mwaka 2019, pale Greenwich, dira na kaskazini ya kweli zilikutana tena, baada ya miaka karibu 360. Hivyo hakuna mtu hata mmoja aliyeishi akayaona makutano yote mawili. Yanajulikana kwa daftari tu.

MIPAKA ILIYOANDIKWA KWA DIRA

Wenye kulipia jambo hili kwa mali zao walikuwa wakulima wa Marekani. Katika makoloni ya Waingereza kule, na baadaye katika majimbo mengi, mashamba yalipimwa kwa dira na mnyororo. Kijana George Washington mwenyewe, kabla ya kuwa jemadari na Rais, alikuwa mpima ardhi huko Virginia. Hati za siku zile zilisema, kwa mfano, kwamba mpaka waanza kwenye mti fulani, waelekea digrii kadhaa kwa dira, hata jiwe fulani, na kutoka hapo hata mto.

Miti hufa, na mawe huondolewa. Wajukuu walipokuja na hati mkononi wakaifuata dira ya siku zao, mstari haukuangukia tena mahali ulipopita zamani. Jirani mmoja alijiona amepewa ardhi, na mwenzake akajiona ameibiwa, ingawa hapana aliyesogeza kitu. Ilikuwa dira iliyosogea. Ndiyo sababu katika karne ya 19 baadhi ya majimbo yalitunga sheria ya kusimamisha mawe mawili katika miji ya wilaya, yaliyoelekeana kaskazini na kusini ya kweli, ili kila mpima ardhi aende akaipime dira yake kwanza. Hata leo mpima wa huko, apewapo hati ya zamani, swali lake la kwanza ni hili: mstari huu ulipimwa mwaka gani?

KWA NINI HUHAMA

Twaweza kuuliza, sumaku gani hii isiyotulia? Kama ndani ya dunia mngekuwa na kipande cha chuma chenye sumaku, kama kile cha dukani, kingekaa mahali pake. Lakini haiwezekani, maana chuma kikipata moto wa kupita digrii 770 hupoteza sumaku yake, na moto ulio ndani ya dunia ni mkubwa kuliko huo mara nyingi.

Ukichimba chini ya miguu yako kiasi cha kilomita 2,900, ungefika penye bahari ya chuma kilichoyeyuka, kilichochanganyika na nikeli na vitu vingine. Katikati ya bahari hiyo kuna tufe la chuma kigumu, ambalo mwanamke mtaalamu wa Denmark, Inge Lehmann, aliligundua mwaka 1936 kwa kuyachunguza mawimbi ya matetemeko ya ardhi. Ile bahari ya chuma huchemka kama uji sufuriani: kilicho moto hupanda, kilichopoa hushuka, na mzunguko wa dunia hukisokota.

Msomaji aliyepata kupanda baisikeli usiku aijua dainamo. Gurudumu huzungusha sumaku karibu na nyaya, umeme ukatokea, na taa ikawaka. Katika kiini cha dunia kuna dainamo isiyo na gurudumu wala nyaya. Chuma kinachotiririka penye sumaku huzaa umeme. Umeme huo nao huzaa sumaku. Na sumaku hiyo huendelea kuzaa umeme, maadamu chuma chaenda. Na kwa kuwa mikondo ya chuma hicho haina njia moja, sumaku inayotoka huko nayo haina umbo moja. Mkondo ukibadilika chini, sindano hugeuka juu.

NCHA INAYOSAFIRI

Tarehe 1 Juni mwaka 1831, Mwingereza James Clark Ross alifika kaskazini ya Kanada, mahali ambapo sindano iliyoachwa huru ilisimama wima, kichwa chini. Hapo ndipo penye ncha ya sumaku ya kaskazini. Mwaka 1904 Roald Amundsen wa Norway alipima huko huko, akaona ncha imeondoka mahali ilipoachwa na Ross. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 ilikuwa ikienda kilomita 10 au 15 kwa mwaka. Karne ilipokaribia kwisha iliongeza mwendo, hata ikapata zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka, ikiiacha Kanada na kuelekea Siberia. Miaka ya karibuni mwendo umepungua tena, karibu kilomita 35.

Kwa ajili ya mabadiliko haya, wataalamu wa Marekani na Uingereza hutengeneza hesabu ya sumaku ya dunia nzima, na kuitoa upya kila miaka mitano. Hesabu hiyo hutumiwa na meli, ndege, na hata simu ya mkononi ionyeshapo njia. Mwaka 2019 walilazimika kuirekebisha kabla ya wakati wake, kwa kuwa mambo yalibadilika upesi kuliko walivyotazamia.

Viwanja vya ndege navyo havikusalimika. Namba kubwa iliyoandikwa penye mwisho wa njia ya kurukia ndege ni digrii za dira zilizofupishwa. Katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, namba 06 maana yake njia yaelekea karibu digrii 60. Dira ikihama vya kutosha, namba hufutwa na kuandikwa nyingine. Ndivyo ilivyofanyika Stansted, London, mwaka 2009: njia iliyoitwa 05 ikaitwa 04, wala lami haikusogea hata inchi moja.

UDONGO ULIOCHOMWA HUKUMBUKA

Madaftari ya mabaharia hayapiti miaka mia chache. Basi wataalamu hujuaje mambo ya zamani zaidi? Jibu limo katika majiko na matanuri.

Udongo, hasa ule mwekundu, una chembe ndogo ndogo za chuma. Udongo ukichomwa sana, kupita digrii 580 hivi, chembe hizo husahau sumaku zilizokuwa nayo. Wakati wa kupoa hupokea sumaku mpya, zikajipanga kufuata sumaku ya dunia ya siku ile, na kubaki hivyo hata moto mwingine uje. Kwa hiyo chungu kilichochomwa, tofali lililotoka tanurini, na sakafu ya nyumba iliyoungua, vyote ni hati za sumaku. Tofali likihamishwa hupoteza habari ya upande, lakini hubaki na habari ya nguvu. Sakafu isiyoguswa hutunza zote mbili.

Katika bonde la mto Limpopo, kusini mwa Afrika, waliishi wakulima wa Enzi ya Chuma miaka karibu elfu moja iliyopita. Wachunguzi wa mambo ya kale wanaeleza ya kuwa, ukame ulipozidi, watu hao walizichoma nyumba na maghala ya nafaka kwa desturi ya kutakasa nchi. Moto ulikuwa mkali, na sakafu za udongo zikapoa na kukaa mahali pale pale. Mwaka 2015 John Tarduno na wenzake walitangaza matokeo ya kupima udongo huo. Waliona kwamba baina ya karne ya 13 na ya 16 nguvu za sumaku katika sehemu ile zilipungua, na upande wake ukageuka upesi. Wakulima wale walitafuta mvua. Bila kujua wakatuachia sisi daftari ambalo sehemu ile haikuwa nalo.

DIRA ILIYOELEKEA KUSINI

Mawe yatokayo katika milima ya moto hukumbuka namna ile ile, na kumbukumbu zake ni za kale mno. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alitangaza habari ya mawe ambayo sumaku yake ilielekea kinyume, kama kwamba siku yalipopoa sindano ya dira ingeonyesha kusini. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha ya kuwa mawe ya namna hiyo yana zama zake. Maana yake ni kwamba sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini na kusini ikawa kaskazini. Mara ya mwisho ilikuwa miaka karibu 780,000 iliyopita.

Katika historia hiyo Afrika Mashariki ina jina lake. Mwaka 1963 wataalamu walitangaza vipimo vya mawe ya moto yaliyo chini katika Korongo la Olduvai, Tanganyika, karibu na tabaka ambamo Mary Leakey alikuwa amevumbua fuvu la kale mwaka 1959. Waliona ya kuwa mawe hayo yalipoa wakati sumaku ilipokuwa kama ya leo, katikati ya zama ndefu za kinyume. Kipindi hicho, cha baina ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 iliyopita, kikaitwa Olduvai. Siku hizi mtaalamu akipima tope la chini ya bahari kuu, maelfu ya kilomita kutoka huku kwetu, akikuta alama yake huandika jina hilo la korongo la Afrika Mashariki.

JE, KUNA HATARI?

Mara kwa mara huzuka uvumi kwamba sumaku ya dunia i karibu kupinduka, na kwamba siku hiyo nchi na bahari zitapinduka pamoja nayo. Sehemu moja ya maneno hayo ina asili. Tangu miaka ya 1840, vipimo vya nguvu za sumaku vilipoanza kukusanywa kwa utaratibu, nguvu hizo zimepungua karibu sehemu 9 katika 100. Na juu ya bahari ya Atlantiki ya kusini na Amerika ya kusini kuna eneo ambalo sumaku ni dhaifu sana. Sumaku hutukinga na chembe kali zitokazo katika jua na anga. Penye udhaifu, chembe hizo hushuka chini zaidi na kudhuru mitambo ya setilaiti. Darubini ya Hubble huacha kazi yake ipitapo hapo. Tangu mwaka 2013 setilaiti tatu za Ulaya, ziitwazo Swarm, zinazunguka dunia kuyapima mambo haya.

Lakini yaliyobaki ni hofu tupu. Sumaku imepata kupungua na kuongezeka mara nyingi bila ya kugeuka. Igeukapo, huchukua maelfu ya miaka. Wala dunia yenyewe haipinduki; jua huendelea kuchomoza mashariki. Watu waliochonga mashoka ya mawe pale Olorgesailie, kusini magharibi ya Nairobi, walikuwako kabla ya mgeuko wa mwisho, na kazi ya namna ile ile ikaendelea huko baada yake.

JARIBU MWENYEWE

Mwenye kutaka kuijua kaskazini ya kweli hana haja ya chombo cha thamani. Chagua uwanja ulio sawa. Simika kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mita moja, kisimame wima. Funga kamba kwenye shina lake, na kwa kamba hiyo chora duara yenye nusu kipenyo cha mita moja. Asubuhi kivuli ni kirefu. Kadiri jua lipandavyo hufupika. Karibu na saa tatu, au baadaye kidogo, ncha ya kivuli itaigusa duara. Weka alama hapo. Alasiri, karibu na saa tisa, ncha itaigusa duara upande wa pili. Weka alama nyingine. Mstari uunganishao alama hizo mbili huelekea mashariki na magharibi. Na mstari uukatao kwa pembe mraba ndio wa kaskazini na kusini.

Sasa weka dira yako juu ya mstari huo wa kaskazini. Iondoe mbali na jembe, panga, baisikeli na mabati, kwa kuwa chuma kilicho karibu huipotosha sindano kuliko dunia yenyewe. Jihadhari pia na mawe meusi ya milima ya moto, ambayo mengine yana sumaku yake.

Basi mashauri ni haya. Ukiandika kipimo chochote cha dira katika hati, barua au mchoro wa shamba, andika mwaka pembeni yake, na useme kama ni kaskazini ya dira au ya kweli. Ukinunua ramani, tafuta pembezoni mchoro mdogo wa kaskazini, usome ulipimwa mwaka gani na tofauti yabadilika kiasi gani kila mwaka. Na ukipewa karatasi ya zamani yenye mpaka uliopimwa kwa dira, usikimbilie kung'oa ua la jirani. Tafuta kwanza alama zilizo katika ardhi yenyewe, kisha mwite mpima ardhi mwenye ujuzi, naye aihesabu tofauti ya mwaka ule na ya mwaka huu. Huenda jirani hakusogeza kitu.